Kutoa AC iliyokufa kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kamili

Mlio ulianza nikiwa natoka mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, pikapu imebeba magunia ya dagaa na utingo amekaa juu yake. Mlio mwembamba, kama cherehani iliyokosa mafuta. Nikazima redio. Nikazima na AC, ingawa ilikuwa haipoozi tangu mwaka uliotangulia, nami nilikuwa naiwasha kwa mazoea tu. Mlio ukabaki palepale. Tulipofika Mabatini kabini ilikuwa inanuka mpira wa kuungua, na kabla ya Nyakato mkanda ukakatika na kupiga boneti kwa chini, pa! Gari likaendelea kutembea kama vile hakuna kilichotokea.

Ni Toyota Hilux ya miaka ya tisini, injini ya dizeli iitwayo 3L. Kwenye gereji niliyoingia, jina lake halina kazi hapa, kijana alichungulia akasema, "Mzee, hii AC ishakufa, tukate tu." Nikamwambia akate. Akakata kweli, kwa msumeno wa chuma. Gesi iliyokuwa imebaki ikamrukia vidoleni, vikawa vyeupe kama mshumaa. Kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, ikatoka; kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, ikatoka; nikalipa nikaondoka. Wiki hiyohiyo nilirudi mara mbili: mara ya kwanza breki zilikuwa ngumu kama jiwe nikishuka kutoka Bugando, mara ya pili mvua ilinikuta Usagara na bloa haikutoa hata pumzi kwenye kioo cha mbele. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na kompresa. Yote yalitokana na vitu vilivyoachwa wazi baada ya kompresa kutoka.

Tangu hapo nimetoa AC kwenye magari matano, yangu na ya jamaa zangu. Haya ndiyo ninayoyafuata. Nazungumzia pikapu, Canter na malori madogo ya zamani, yale ambayo mkanda wa AC unajitegemea. Yenye mkanda mmoja mrefu unaozungusha kila kitu nitayagusa mahali pake.

Kwanza jua nini hasa kimekufa

Usikimbilie spana. Zima injini, iache ipoe, legeza mkanda wa AC uutoe. Sasa zungusha puli ya kompresa kwa mkono. Ikizunguka laini na kimya, beringi ni nzima. Ikikwaruza, ikitikisika au ikigoma, beringi ndiyo mgonjwa wako, na ndiyo iliyokula mkanda. Baada ya hapo shika ile sahani ya mbele, iliyo katikati ya puli, uizungushe peke yake. Hiyo imeshikana na mhimili wa kompresa. Inatakiwa kuzunguka kwa uzito kidogo lakini bila kukwama. Ikiwa haiendi kabisa, kompresa imejifunga kwa ndani.

Tofauti hizi zina pesa ndani yake. Beringi ikiwa mbovu peke yake, inabadilishwa na gesi ikabaki ilipo, maana puli na klachi ya kompresa (inayoiunganisha na puli AC ikiwashwa) viko nje ya kompresa. Kompresa ikiwa imejifunga lakini beringi ni nzima, chomoa ule waya mmoja unaoingia kwenye klachi, basi: puli itazunguka bure na gari litakwenda miaka. Na kama AC haina gesi tu, au hutaki kuitumia, toa mkanda wake uuweke chini ya kiti. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na kwa watu wengi inatosha.

Kutoa mfumo mzima kuna maana pale tu beringi inapopiga kelele na vipuri havipatikani, braketi inayoshika kompresa ikiwa imepasuka, au kondensa imeziba na rejeta iliyo nyuma yake inachemsha. Sababu hii ya mwisho huku kwetu si ndogo. Anayeendesha kando ya ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Ukipita katikati yao jioni, shoo ya mbele inakuwa nyeusi. Wanajazana kati ya kondensa na rejeta, vumbi la barabara linawafunika, mvua inalowesha, jua linakausha. Nilipotoa kondensa yangu nilikuta blanketi unene wa kidole, unaweza kulikunja.

Fundi akikwambia utaokoa mafuta mengi kwa kutoa AC isiyowaka, mpe kiti akae. Kompresa inakula nguvu pale klachi inapoishika. Klachi isiposhika, ni puli tu inayozunguka.

Gesi

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya tisini mengi yalitoka kiwandani na gesi ya R12, na yaliyofuata yakaja na R134a. Soma stika iliyo chini ya boneti au kwenye kondensa. Stika ikiwa imekufa, tazama valvu za kujazia: za R12 zina uzi wa kufunga kama nati, za R134a zina shingo laini inayobanwa kwa kubofya. Lakini jua pia kwamba gari lililopita mikono mingi linaweza kuwa limebadilishwa.

R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikitoka kwa kasi na kukugusa, nyama inaganda. Ikikupata jichoni, ni hatari ya upofu. Na usidanganyike kwamba AC isiyopooza haina gesi. Inaweza kubaki kiasi ambacho hakitoshi kupooza ila kinatosha kukuumiza. Njia ya kujua ni geji ya presha. Kwenye joto la Mwanza mchana, mfumo wenye gesi, injini ikiwa imezimwa, unaweza kusoma kati ya psi 80 na 95. Sindano isipokuwa sifuri, usifungue nati yoyote.

Mwite fundi wa AC mwenye mashine ya kuvuta gesi kwenye mtungi. Gharama ipo, lakini gesi hiyo si ya kuachia hewani. R12 inakula tabaka la ozoni, ndiyo maana ilipigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Tanzania nayo imo tangu 1993. R134a haigusi ozoni, ila kilo yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Gesi ya pikapu haifiki hata kilo moja, lakini gereji nazo ni nyingi.

Mambo mengine ya gesi, kwa kifupi: fanya kazi mahali wazi, kamwe si ndani ya shimo la gereji, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu na inatulia chini kama maji. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa pembeni, hakuna kuchomelea. Ikipita kwenye moto inageuka sumu. Vaa miwani na glavu. Ikikugandisha ngozi, weka kwenye maji ya uvuguvugu bila kusugua, kisha nenda hospitali.

Vifaa

Spana na soketi za 10, 12, 14 na 17, spana ya ziada kwa kila nati ya bomba, bisibisi, tepu ya waya, vibano vya plastiki, mifuko midogo ya nailoni, kalamu ya wino usiofutika, chupa ya kupimia, na simu yenye kamera. Simu ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote. Piga picha kila kitu kabla hujakigusa, hasa njia ya mikanda na vipira vyembamba.

Kompresa

Chomoa terminali hasi ya betri. Kwenye malori ya volti 24 zipo betri mbili zilizofuatana, hakikisha umekata mkondo wa zote mbili. Toa mkanda wa AC kama hujautoa. Kwenye Hilux za enzi hizo mara nyingi unakazwa na puli ndogo yenye bolti ndefu ya kurekebisha. Legeza kwanza nati ya katikati ya puli hiyo, ndipo ulegeze bolti ndefu. Ukianza na bolti ndefu utaua uzi wake.

Chomoa waya wa klachi. Fungua mabomba mawili yanayoingia kwenye kompresa, polepole, uso wako ukiwa pembeni, hata kama geji imesoma sifuri. Ziba matundu papo hapo, kwenye kompresa na kwenye mabomba, kwa mfuko wa nailoni na kibano. Ndani kuna oili, na hutaki itiririke juu ya mikanda mingine.

Sasa bolti za kompresa. Legeza zote, usitoe ya mwisho mpaka mtu awe ameishika kwa chini. Ina uzito wa mtoto mchanga mnene, na ikianguka inaangukia mguu wako au bomba la rejeta.

Braketi iache kwanza, uitazame vizuri. Je, kuna kitu kingine imekishika? Kwenye injini nyingi braketi ya AC inabeba pia puli nyingine, pampu ya usukani au mkono wa alteneta. Kama ni hivyo haitoki. Kama haishiki kitu, itoe, lakini angalia bolti zake: zile zilizoingia kwenye mwili wa injini zirudishe mahali pake zikiwa na ringi za kufidia unene wa braketi. Tundu la bolti likiachwa wazi linajaa uchafu na kutu, na baadhi ya matundu yanafika hadi kwenye njia ya maji au oili.

Wenye mkanda mmoja mrefu: huwezi kuutoa, kwa sababu unazungusha pia alteneta na pampu ya maji. Mna njia mbili. Moja ni kutafuta puli tupu ya kukaa mahali pa kompresa. Ya pili ni mkanda mfupi zaidi, na hapo chukua kamba isiyovutika, ipitishe njia ambayo mkanda utapita, pima, ndipo uende dukani. Kabla ya kununua hakikisha mkanda kwenye njia hiyo mpya bado unakumbatia puli ya pampu ya maji vizuri, na kwamba hausugui kitu. Mkanda ukigusa puli kidogo tu utateleza, na injini itachemka mlimani.

Kipira kilichonikosesha breki

Kwenye dizeli nyingi za zamani zenye AC kuna kifaa kidogo cha bati, umbo la uyoga, kwenye pampu ya dizeli. Kazi yake ni kupandisha mzunguko wa injini kidogo AC inapowashwa ili isizimike. Kinavutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, kupitia kipira chembamba na valvu ndogo ya umeme. Injini za Toyota za familia ya L zina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki kupitia haidrovaki, kile kifaa kinachofanya pedali iwe nyepesi.

Yule kijana alitoa valvu ile ndogo kwa kuwa ilikuwa na waya wa AC, akaacha kipira kinaning'inia. Kipira kina upana wa mrija wa soda. Mjini tambarare sikuhisi kitu. Kwenye mteremko wa Bugando, nikakanyaga mara moja, mara ya pili, mara ya tatu pedali ikakataa kushuka. Niliweka gia ya kwanza nikaomba Mungu na handibreki kwa pamoja.

Kwa hiyo fuata kila kipira cha vakyumu kilichogusana na AC hadi mwanzo wake. Kinapochomoka kutoka kwenye bomba kuu, kizibe hapo hapo kwa kifuniko cha mpira na kibano, si kwa tepu. Tepu inayeyuka kwa joto. Kisha jaribu: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, acha mguu ukiwa umeibana, washa injini. Pedali inatakiwa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, usitoke getini.

Kondensa na rejeta

Toa shoo ya mbele. Kondensa imeshikwa na bolti chache pembeni, na kando yake kuna chupa ya kuchujia unyevu wa gesi. Nati za mabomba ni za alumini na mara nyingi zimeshikana kwa kutu. Shika upande mmoja kwa spana moja, zungusha kwa nyingine. Ukitumia moja utakunja bomba hadi lipasuke. Oili ya kulegeza kutu usiku kucha husaidia, hasa kwa gari lililobeba samaki, maana maji ya chumvi ya samaki yanadondoka kila mahali.

Weka kipande cha boksi gumu kati ya kondensa na rejeta kabla ya kuivuta nje. Kona ya kondensa ikigusa rejeta, umejinunulia kazi nyingine.

Rejeta ikiwa wazi, huu ndio wakati wa kuiosha. Maji yapige kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Presha ndogo, presha ya kuoshea magari inalaza mapezi yake. Halafu angalia vile vipande vya sponji na mpira pembeni mwa rejeta. Kondensa ilikuwa inasaidia kuziba mianya, sasa hewa inaweza kupita pembeni badala ya kupita ndani. Ziba mianya hiyo kwa mpira wa zamani wa tairi la ndani. Kama kulikuwa na feni ya umeme ya kondensa, nayo inatoka.

Ndani ya dashibodi

Watu wengi huishia kwenye boneti, na mara nyingi nami nashauri hivyo. Ivaporeta, ile sehemu inayopooza hewa ya kabini, ikiwa haina gesi haina madhara. Itoe tu ikiwa imeziba hewa, inanuka, au mrija wake wa kumwaga maji umeharibu sakafu.

Toa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Utaona boksi la plastiki kati ya bloa na hita, ivaporeta imo ndani yake. Hapa ndipo kosa la pili la gari langu lilipokuwa: walichukua boksi zima. Bloa ikabaki inapuliza ndani ya dashibodi na hakuna kilichofika kwenye kioo. Boksi hilo ni sehemu ya njia ya hewa. Toa ivaporeta kutoka ndani, safisha boksi, lirudishe likiwa tupu. Kwenye langu kulikuwa na kiota cha panya, magamba ya samaki na risiti ya mafuta ya mwenye gari aliyetangulia.

Matundu mawili yaliyopitisha mabomba kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini yazibwe kwa mpira wenye bati juu yake. Yakiachwa, utavuta vumbi na moshi wa injini barabara nzima. Tundu la mrija wa maji kwenye sakafu vilevile.

Nyaya

Usikate. Chomoa soketi, funika kila mwisho kwa tepu, ufunge kwenye mkanda wa nyaya mbali na vitu vya moto. Waya wa klachi ni hatari zaidi: mtu akibonyeza swichi ya AC kwenye dashibodi, unapata umeme, ukigusa bati fyuzi inaungua. Toa rilei (swichi ya umeme) ya AC. Fyuzi nayo uitoe, lakini kwanza washa bloa na uhakikishe haizimiki, kwa kuwa kwenye baadhi ya magari vinatumia fyuzi moja.

Kuwasha

Rudisha betri. Bonyeza kila mkanda uliobaki katikati kwa dole gumba. Unatakiwa kuzama takriban sentimita moja. Washa, fungua boneti, sikiliza dakika kumi. Tazama geji ya joto, jaribu breki kama nilivyoeleza, weka bloa namba ya juu. Kisha peleka gari mlimani bila mzigo. Baada ya wiki kaza tena mikanda na bolti.

Oili iliyobaki ndani ya kompresa mimina kwenye chupa, uipeleke panapokusanywa oili chafu. Usiimwage mtaroni: mitaro ya katikati ya mji inaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunayavuta ziwa hilohilo. Kondensa na mabomba wanunuzi wa vyuma chakavu wanayachukua kwa kilo. Tenga alumini na shaba mwenyewe kabla hawajaja, la sivyo watakupimia vyote kwa bei ya bati.

Braketi usiiuze. Ni kipuri kigumu kupatikana kuliko kompresa yenyewe, na atakayenunua gari lako huenda akataka AC. Yangu iko nyuma ya kiti, imefungwa kwa waya, na bolti zake nne zimo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, kifuniko kimekazwa.